Jibu la Pili Nililokuwa Nikilikata

Mama zangu, dada zangu, niwieni radhi kuinuka kabla ya sambusa. Mnanijua: mimi nyumbani hunitoa kazi, msiba na chai yenu tu. Na mnajua siamini mtu. Hata maziwa ya leo nayanusa.

Basi nilitaka kusomea uuguzi, niache kutandika vitanda vya hoteli za Wamarekani kule Bloomington. Chuo kikasema nifaulu kwanza mtihani wa hesabu, nafasi ni tatu. Ya kwanza nikaanguka. Ya pili nikaanguka, nikatangaza kwenye lifti ya jengo letu: wamenifanyia kusudi, wameona buibui langu!

Ndugu zangu, nawaambia, aliyenifanyia kusudi ni mimi. Mtihani ulijaa zile hesabu za x mraba za sekondari, na kila moja ina majibu mawili. Mimi nikiandika moja, la pili nakata. Kwangu, nikimuuliza mtu "Ulikuwa wapi?" akanipa majibu mawili, huyo mwongo. Wewe unayecheka hapo nyuma, mumeo namjua.

Binti yangu akafumania karatasi nilizoficha ndani ya sufuria ya biriani. Huyu hunijibu Kiingereza mpaka akasirike. Siku hiyo alikasirika.

"Mama, mbona wakata la pili?"

"Nalishuku."

"Na la kwanza?"

"Hilo nalipenda."

"Basi yashuku yote. Kila moja lirudishe kwenye swali, uone kama litatoa sifuri."

Swali: x mraba, toa x tano, jumlisha sita, ni sifuri. Majibu, mbili na tatu. Nikaanza na mbili: nne, toa kumi, jumlisha sita. Sifuri. Nikasema, huyu tatu leo namuumbua! Tisa, toa kumi na tano, jumlisha sita. Sifuri! Nikabadilisha penseli. Sifuri.

Mara ya tatu, kila jibu nililihoji kama mkwe mtarajiwa. Karani wa mtihani akasema, "Mama, umefaulu."

"Angalia tena."

"Umefaulu."

"Hebu geuza kompyuta nione mwenyewe."

Akageuza. Nikalia mbele ya watu, mimi!

Namshukuru binti yangu. Nawashukuru na ninyi mliokuwa mkiniuliza "Umefika wapi?" nikadhani mnanichungulia. Shaka zenu msizitupe, ila anzeni na lile jibu mnalolipenda.

Haya, leteni sambusa. Yangu nitaipasua kwanza nione ndani.