Mtu wa Mifuniko

Nyuma ya stendi ya Masasi, pale magari ya Newala yanapojazia abiria, kuna benchi moja la mbao ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Ukikaa hapo, jabali la Mkomaindo liko mgongoni na birika la Mahmudu muuza kahawa liko mbele yako, na kwa watu wa kijiwe hiki dunia nzima imo katikati ya hivyo viwili. Hapo makocha wameshafukuzwa, bei ya korosho imeshapangwa upya mara elfu, na hakuna siku ambayo mtu aliinuka akaenda kufanya lolote. Anselmo hukaa mwisho wa benchi, upande wa tofali, kwa sababu yeye ndiye mwepesi kuliko wote. Asubuhi ile alikuwa na jambo la kuamua. Dada yake Dominika alikuwa amepiga simu jana kutoka Mkunya, kule Newala: Jumamosi mjukuu anatoka jandoni, njoo na ngoma yako kubwa, na kama huji sema mapema tukodi spika. Gari la kumpeleka ni la saa nne. Saa tatu ilikuwa imeshapita, na Anselmo hakuwa na jibu wala ngoma mkononi.

Ngoma yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani kwake, mwaka wa nne sasa. Kazi ya ngoma kubwa si kupiga sana. Ngoma ndogo zinachemka, wachezaji wanatimua vumbi, na mwenye ngoma kubwa amekaa, mikono magotini, anasubiri mahali pake. Pakifika anagonga mara moja, basi, ananyamaza tena. Ndivyo alivyofundishwa. Mwaka ule alipopiga mara ya mwisho, huko huko Mkunya, vijana waliokuja na spika walimwona amekaa hivyo, mmoja akasema kwenye kipaza sauti, “Mwamsheni mzee, kasinzia na ngoma.” Uwanja mzima ukacheka. Anselmo naye alicheka, akarudi Masasi, akapigilia msumari ukutani. Aibu ile ilikuwa bado inamchoma, na hakutaka kuionja tena mbele ya mjukuu.

— Waache wakodi spika, Baba Yuliana, — Waziri alimwambia Anselmo. — Spika haichoki, haiombi maji, haisinzii.

Huyu jina lake ni Uwesu, ila hakuna anayelitumia. Anaitwa Waziri kwa sababu hakuna wizara ambayo hajaitolea tamko, na kwa sababu tangu kijiwe kianze hajawahi kunyanyua kitu. Hata kikombe, Mahmudu humtia mkononi.

Kabla Anselmo hajajibu, pikipiki ikaja kasi ikasimama kwa kugonga tofali. Ni Joel wa bodaboda, ambaye wanamwita Breki kwa kuwa hana.

— Shikamoo babu. Shikamoo Waziri.

— Marahaba, — alisema Waziri. — Unafukuzwa na nani?

— Na muziki. Nimempeleka mwalimu mmoja Lisekese, kaweka kitu kwenye simu yake huko nyuma, nikashangaa mwendo unaongezeka wenyewe. Nikamwambia mwalimu, hicho nirushie. Hebu oneni.

Wakaiinamia simu yenye kioo kilichopasuka. Ukumbi mkubwa, watu kama mia wamevaa suti nyeusi, kila mmoja na chombo chake: mazeze ya kubana kidevuni, matarumbeta, filimbi. Wote walikuwa wanalia pamoja, kila mtu na lake.

— Ndiyo wimbo huo? — Mahmudu aliuliza.

— Ndiyo, — alisema Waziri. — Muziki wa hali ya juu hauna haja ya kueleweka.

— Bado hawajaanza, — Anselmo alisema. — Wanakaza. Sisi tunakaza ngozi kwenye moto, wao wana nyuzi.

Akatokea mtu mmoja, nywele timtimu, ana kijiti mkononi. Ukumbi ukampigia makofi.

— Hajafanya kitu anashangiliwa, — alisema Joel.

— Mgeni rasmi, — alisema Waziri.

Mgeni rasmi akanyanyua kijiti, na hapo mambo yakaharibika. Mazeze yaliondoka kwa pamoja, mbio, kama mbuzi walioona ua wa shamba umeachwa wazi. Matarumbeta yakayafuata, filimbi zikapita juu, na kila ukidhani sasa wamechoka wanaongeza. Anselmo hakuwahi kusikia kitu cha namna ile. Alishtukia goti lake linakwenda lenyewe, akaliwekea mkono. Alijisikia furaha ya wazi kabisa, na akaona haya kuwa nayo saa tatu asubuhi.

— Hii ya jeshi, — alisema Mahmudu. — Ukiisikia hii ujue watu wameshavuka mto.

— Jeshi gani linavaa vipepeo shingoni? — alisema Waziri. — Huu ni muziki wa kumwondoa mgeni. Wakubwa wa huko, mgeni akikaa sana hawamwambii nenda, si adabu. Wanaita hawa mia. Ikifika hapa mgeni anatafuta viatu.

— Na mwenye kijiti? — Joel aliuliza.

— Trafiki. Bila yeye mazeze yangegongana na matarumbeta.

— Mbona hamsimamishi mtu pembeni?

— Ndiyo ujue ni Ulaya, Breki.

Joel ndiye aliyemwona mtu wa nyuma kabisa. Mtu mwenye kipara, amekaa karibu na ngoma zao, mikono magotini. Mbele yake pana visahani viwili vikubwa vya shaba, kama mifuniko ya masufuria ya shughuli. Wenzake walikuwa wanatoka jasho. Yeye ametulia.

— Huyu hafanyi kitu.

— Mpwa wa mtu huyo, — alisema Mahmudu. — Ameingizwa.

— Labda wa akiba. Mmoja akianguka, yeye anaingia.

— Hamna macho, — alisema Waziri. — Ile ni mifuniko. Huyo ni mpishi. Chakula kiko nyuma, muziki ukiisha watu wanapakuliwa. Mnafikiri wale wanaharakisha vile kwa nini? Wana njaa.

Mpishi akasimama. Akachukua mifuniko yake miwili, akaitanua, akaipiga pwaa, mlio uliomfanya Mahmudu aimwagie kahawa suruali yake mwenyewe. Kisha akaiweka, akakaa.

— Mara moja tu? — Joel aliuliza.

— Ameota kitu, akaamka, — alisema Waziri. — Sasa kasinzia tena.

Wenzake wakacheka, benchi likayumba. Anselmo hakucheka. Kicheko kile alikuwa anakifahamu.

— Irudishe, Joel.

Joel akairudisha. Anselmo akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso. Akaitazama mara ya pili, na ya tatu. Wenzake wakahamia kwenye mpira.

— Hasinzii, — alisema mwishowe. — Midomo yake inatembea. Anahesabu.

— Anahesabu nini, wageni?

— Anahesabu mpaka pake. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kidole gumba cha mguu.

— Baba Yuliana, — alisema Waziri kwa huruma, — mtu aliyekaa amekaa. Mimi niko hapa tangu saa moja. Na mimi ni mpiga mifuniko?

Kwa kumheshimu, Mahmudu akamwongezea kahawa.

— Shikamooni.

Aliyesalimia alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi, abiria wa gari la saa nne. Jina lake Ziada, wa Mkunya. Alikuja kumnunulia mtoto kashata, akasimama nyuma ya benchi akitazama simu pamoja nao, nao hawakumwona.

— Marahaba, — walisema.

— Naomba kuuliza. Siku huyo asipokuja, pale pake anapiga nani?

Waziri akafungua mdomo.

— Wako mia, — alisema. — Atapiga mwingine.

— Wote mikono imejaa, — alisema Joel.

— Basi panarukwa.

— Panarukwaje, — alisema Mahmudu polepole, — na wote walikuwa wanakwenda pale?

Ziada alikuwa anasubiri jibu kweli, kwa sababu aliuliza kwa nia njema. Anselmo alikuwa anamfikiria Marko. Katika wenzake wa ngoma wawili walishafariki, amebaki Marko wa ngoma ndogo, ambaye akiitwa bado anakwenda kupiga peke yake. Watu wanasema akifika mahali fulani anainamisha kichwa, anaacha nafasi, halafu anaendelea. Watu wanadhani uzee. Miaka minne Marko anamwachia nafasi, naye amekaa hapa juu ya tofali anakunywa kahawa. Anselmo akajisikia vibaya sana.

— Joel, pikipiki ina mafuta?

— Mafuta yamo, babu. Ila breki…

— Nipeleke nyumbani.

Walirudi saa nne kasoro dakika kumi na tano, ngoma iko mapajani. Anselmo akaipangusa vumbi, akaigonga kwa kidole. Ikatoa sauti ya gunia.

— Hiyo imeshakufa, — alisema Waziri.

— Mahmudu, toa birika motoni.

— Na kahawa?

— Kahawa imekwisha.

Mahmudu alitaka kubisha, akaangalia uso wake, akatoa. Anselmo akaisogeza ngozi kwenye jiko la mkaa, akawa anaizungusha, anaigonga, anaizungusha, mpaka ikaanza kujibu. Kisha akakaa mwisho wa benchi, ngoma kati ya miguu, mikono magotini.

— Weka tena, Joel. Tangu mwanzo.

Mazeze yakaondoka. Anselmo hakufanya kitu. Matarumbeta yakapita. Hakufanya kitu.

— Anaanza lini? — alinong’ona Waziri.

Wote walikuwa wanakitazama kidole gumba cha Anselmo kinachopanda na kushuka ndani ya kandambili. Gari la Newala likapiga honi. Ziada, mguu mmoja mlangoni, akamwonyesha dereva kiganja, asubiri. Anselmo alikuwa anaogopa. Mkono ulikuwa haujagusa kazi hii miaka minne, na sasa umati wa kijiwe kizima unautazama.

Kwenye simu mtu mwenye kipara akasimama. Mkono wa Anselmo ukapanda, ukashuka.

Vikombe vyote vya Mahmudu viligongana. Abiria waligeuza shingo madirishani. Mikono ikarudi magotini.

— Mara moja tu? — Mahmudu aliuliza, taratibu.

— Ya pili iko mbali.

Wakaisubiri ya pili, watu wazima wanne, bila tamko. Ilipokuja ilikuja mahali pake.

Konda alitaka kuitupia ngoma juu ya gari pamoja na magunia. Waziri akamzuia. Akaikumbatia mwenyewe kwa mikono miwili, mtu ambaye hajanyanyua hata kikombe chake, akaipeleka mpaka kwenye kiti cha Anselmo akaiweka polepole.

— Jumamosi mnapiga saa ngapi? — aliuliza.

— Saa kumi, — alisema Anselmo. — Lakini mimi utanisubiri mpaka pangu.