Maji Aliyopanda Nayo Emilia

Mheshimiwa Bwana DC, Mheshimiwa Liwali, Baba Padre, Sista Mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi mliopanda kutoka Masasi na Chiwata, nanyi wasichana wenzangu mnaoshindwa kutulia: shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo! Mimi ni Anastasia, kiranja mkuu, darasa la nane. Nimepewa dakika tano za kushukuru kwa tangi hili jipya, nami nashukuru kwa moyo wote, maana tangu mvua za juzi limejaa mpaka linamwagika, na hapa Newala ni nani aliyewahi kuona maji yakimwagika bila mtu kuchapwa?

Lakini nivumilieni. Nyuma yenu naiona baiskeli, na juu yake limefungwa sanduku la Emilia wa darasa la tano. Baba yake, Mzee Selestini, amekuja kumchukua. Amesikia kwamba tulimtuma mwanawe bondeni peke yake kuchota maji kama adhabu, akamwambia Sista, "Kama masomo ni kuchota maji, si akamchotee mama yake?" Baba Emilia, shikamoo. Neno lako ni zito, na anayepaswa kulijibu ni mimi.

Wageni wetu, tuna desturi hapa. Siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa shule, wakubwa wa darasa la nane huwaosha miguu wadogo waliofika mwaka huo. Kwa maji gani? Ya kujinyima! Kila mmoja hupata kopo moja la kuogea kwa siku. Basi kwa siku nne tunaoga nusu kopo, na mnaotukaribia kanisani mnajua; ile nusu nyingine tunaiweka kwenye makarai nyuma ya jiko. Mwaka huu Emilia alikuwa na zamu ya kupika. Akaona kunde zinakaukia sufuriani, akaona makarai yamejaa, naye ni mtoto mgeni, kwao maji safi yakiwa karibu na jiko ni ya kupikia tu. Akayamimina yote. Tulipofika kwa maandamano na nyimbo, Padre mbele, tulikuta makarai makavu na kunde laini ajabu.

Wenzangu walicheka. Mimi nilimkaripia mbele ya shule nzima, nikamwita mharibifu, nikasema hastahili kuoshwa miguu na mtu yeyote. Nani basi alimtuma bondeni? Hakuna, Baba Emilia. Alichukua ndoo akaondoka mwenyewe, kwa sababu ya ulimi wangu. Na mteremko ule, Bwana DC, hata gari lako lingegoma! Saa saba mchana tukamwona anachomoza ukingoni, ndoo kichwani. Nikadhani ameleta maji ili tumwoshe. Akapiga magoti mbele yangu, akasema, "Dada, lete mguu." Akatuosha sisi wakubwa, wote kumi na wanane, kwa ndoo ile moja. Niliona aibu, nikafurahi, nikalia, vyote kwa pamoja.

Lakini sikumwomba radhi. Leo namwomba, mbele ya serikali na kanisa: Emilia, nisamehe. Nawe baba, mwenye kosa ni mimi. Usimwadhibu asiye na kosa. Kuanzia leo bomba liko hatua ishirini kutoka darasani, na zile saa za kushuka bondeni kuchota maji zitakuwa za vitabu. Tutayafurahiaje maji haya, ikiwa yeye hayupo?

Ngojeni... Mzee Selestini anafanya nini? Anafungua kamba! Wasichana, anafungua kamba! Akina mama, vigelegele! Tulieni, anasema neno. Anasema, "Abaki. Lakini likizo, kiranja aje Chiwata amweleze mama yake haya haya, maana hajala tangu juzi."

Nitakuja, baba. Hata kwa miguu nitakuja.

Bwana DC, niwie radhi, ratiba inasema wewe ndiwe utakayefungua bomba. Unacheka? Unakubali? Basi asanteni nyote kwa kunisikiliza, na wewe Emilia, acha kulia, njoo ufungue.