Kisanduku cha Ukuta wa Jua

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, ndugu meneja, mafundi wenzangu, majirani wa mtaa huu na wageni waalikwa: asubuhi hii fundi mkuu ametangaza kwamba hatasaini makabidhiano ya kisanduku cha mtandao wa mtaa kabla ya jua la saa nane. Maana yake, tunamuaga mstaafu ambaye bado yuko kazini.

Kisanduku chenyewe hakitumii umeme. Unyuzi mmoja wa kioo unaingia na rangi nyingi za mwanga ambazo jicho halizioni, na kipande cha kioo kilichomo ndani huielekeza kila rangi kwenye nyumba yake: hii kwa mshonaji, ile zahanati. Tulikifunga kwenye ukuta wa duka la mikate, mahali pasipofikiwa na mvua, tukapongezana. Kitu kisichokula umeme kitaumwa na nini?

Kila mchana muuguzi wa zahanati alimpoteza daktari wa mbali katikati ya mazungumzo. Mafundi walibadilisha nyaya, wakamlaumu mshonaji, wakalaumu panya. Mama Kivuli, ndivyo wanavyomwita fundi mkuu tangu siku hiyo, aliweka kiganja juu ya kisanduku kilichokuwa kikipigwa na jua la mchana, akaondoa mkono upesi. Kioo kikipata joto, alieleza, hutanuka kidogo, na rangi huenda kubisha mlango wa jirani.

Meneja wetu, ambaye yupo hapa na anacheka, alikuwa ameshaalika wageni wa ufunguzi. Alimwambia, "Dada, wageni wanakuja asubuhi, na asubuhi kinafanya kazi."

"Wageni watakwenda zao, kaka," akamjibu. "Wenye nyumba watabaki na mchana."

Ufunguzi ukaahirishwa. Mtu anayestaafu kesho, ambaye lawama zingemkuta mwingine ofisini, aling'ang'ania nini? Alikihamishia kisanduku ukuta wa pili, chini ya kibaraza, akaziunga nyuzi upya kwa mkono wake, huku wenzake wakimtania kwamba amekitafutia chumba cha mgeni.

Kama kivuli kitatosha, hatujui. Jana palikuwa na mawingu, kwa hiyo jana haihesabiki. Hayo ni maneno yake. Leo hakuna hata wingu moja. Muuguzi atakuwa zahanati, akizungumza na daktari wake. Mawasiliano yakidumu, saini itawekwa. Yakikatika, fundi mkuu ameomba kustaafu kwake kusubiri, na keki isikatwe.

Nawashukuru kwa subira na masikio yenu. Saa nane kamili tukutane ukutani.