Mvua Ndani ya Nyumba

Kinyozi alikuwa amepakata kioo kipya kwenye basi, akijifanya amesinzia, kumbe ametega masikio kwa wawili waliokaa mbele yake.

"Mchezo wenyewe ni wa kompyuta, wa kuua joka," kijana mwenye miwani alimweleza mama aliyekutana naye humo. "Lakini mimi naupachika vikorombwezo ninavyopakua mtandaoni. Nimeweka mvua ya kupendeza, sasa inanyesha hadi ndani ya nyumba."

"Si uiondoe?"

"Nikiiondoa, farasi niliyempachika naye anatoweka. Vinategemeana, mama yangu."

"Na joka umeliua?"

"Wapi! Hata kwenye kijiji cha kuanzia sijatoka. Kila nikitaka kuondoka, naona nyasi hazijakaa vizuri."

"Cheza hivyohivyo, mwanangu! Joka haliangalii nyasi."

"Mimi naziangalia."

Kinyozi alibana kicheko. Mtu mzima na ndevu zake, jamani! Kisha akaikumbuka saluni yake: rangi amerudia, mapazia amebadilisha, na wateja bado wanauliza itafunguliwa lini.

Basi likasimama. Wale wawili wakiendelea kubishana, akashuka taratibu, kioo kipya kwapani. Cha zamani hakikuwa na kasoro, ila fremu haikuendana na mapazia.