Macho Yalipoganda Ukutani

Asubuhi ile ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mmoja alikuwa akimsimulia mzee aliyekaa naye habari za mdogo wake wa kike, dereva wa gari la wagonjwa.

"Breki zilifeli mteremkoni, mzee wangu, na nyuma amebeba mama mwenye uchungu. Mbele ukuta wa shule, kando uwanja mtupu. Anasema macho yaliganda kwenye ule ukuta kama yamebandikwa kwa gundi, na mikono ikaanza kuyafuata."

"Hofu ndivyo ilivyo," mzee akasema. "Jicho halibanduki kwenye kile linachokiogopa."

"Lake lilibanduka! Alijipigia kelele, 'Uwanja! Tazama uwanja!' mpaka macho yakageuka, na gari likaingia uwanjani. Yule mama amejifungua salama."

"Basi huyo hakuogopa. Aliyeogopa kweli hawezi."

"Hakuogopa?" Fundi akamgeukia mzima mzima, nami nikaacha kujifanya nasoma gazeti. "Chai nilimnywesha mimi, kikombe kilimshinda kushika. Kutwa nzima macho yanarukaruka, mlangoni, dirishani, mlangoni. Na kesho yake akaomba gari jingine."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Mwanamke huyo ni chuma. Lakini hofu, mwanangu, hana."

"Anayo, na bado anaendesha!"

Basi likasimama, fundi akashuka. Mzee, ambaye tiketi yake ilikuwa ya mwisho wa njia, akashuka nyuma yake, bado anabisha, huku akiuliza dereva huyo anapatikana wapi ampe mkono.