Lennox Lugalia, Anayezikwa Leo kwa Mara ya Pili

Wasifu uliosomwa na dada yake, Marion, nyumbani Chepsaita, Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023

Lennox Lugalia alizaliwa Eldoret tarehe 14 Machi 1998, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Eliakim Lugalia na Mama Selpha Kageha. Alilelewa hapa Chepsaita, katika boma hili hili. Mzee alikuwa fundi katika kiwanda cha mbao mjini, na jioni Lennox alimngojea barabarani ili ampokee mfuko, kwa sababu alijua ndani kuna mandazi. Mengi hayakufika nyumbani.

Alianza shule ya msingi hapa karibu mwaka 2005, na alikuwa amemaliza darasa la tatu matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa. Mwanzoni mwa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata, nyumba yetu ilichomwa. Sisi wengine tulikimbilia kituo cha polisi cha Turbo. Lennox alipoteana nasi kwenye moshi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nguo sokoni, Mama Wamucii, alimshika mkono akampandisha lori lililokuwa likielekea Malaba. Huko Uganda alimwandikisha kama mwanawe wasije wakatenganishwa. Alimwokoa, na hatutamsahau, lakini waliomtafuta kwa jina la Lugalia hawakumpata. Naye Lennox aliambiwa kwamba hatukupona. Alisomea katika kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo hadi darasa la saba.

Huku nyumbani tulimtafuta kambini, hospitalini na mochari. Desemba 2009 wazee walisema boma haliwezi kukaa na marehemu ambaye hajazikwa. Tukafanya jinsi desturi yetu inavyotaka: mgomba ulikatwa, ukavishwa shati lake, ukalazwa ndani ya jeneza, ukazikwa. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Mzee alifariki mwaka 2012 akiamini mwanawe yuko chini ya udongo ule.

Mwanawe alikuwa Bweyale, mji ulio karibu na kambi ile ya Uganda, akijifunza kutengeneza mashine za kusaga mahindi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Mashine ikigoma aliibembeleza kama ng'ombe mkaidi, wateja wakicheka, mpaka iwake.

Aprili 2017 alikutana na dereva wa lori kutoka Turbo, akasikia kwamba mama yake yu hai. Alikuja upesi. Alifika kwenye lango letu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na wazee wakamzuia palepale. Kwa desturi, mtu aliyekwisha kuzikwa haingii bomani kabla ya kutakaswa, la sivyo atavuta wengine kaburini. Wazee waliojua kazi hiyo walikuwa wamekufa. Waliobaki, kila mmoja alimsukumia mwenzake. Mama alikatazwa kumgusa. Alitoka nje akamkumbatia barabarani.

"Mama, si mnaniona?" Lennox aliuliza. "Sasa mimi niko wapi, hapa ama pale chini?"

"Uko hapa, baba. Ngoja tu kidogo, wazee watapanga."

Alingoja siku tatu kwa jirani yetu, Mzee Kiprotich, akiliangalia boma la baba yake kupitia ua. Kisha akasema, "Wacha nirudi kwa watu wenye wananijua niko hai," akaondoka.

Mwaka 2018 alimwoa Nduta, ambaye naye alitoroshwa kutoka mtaa wa Langas, Eldoret, wakati wa ghasia zile akiwa mtoto. Walijaliwa Bridgit na Kevin. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia mama simu, na swali la kwanza lilikuwa amepika nini. Mama akitaja mrenda na ugali wa wimbi, alijibu, "Basi nimeshiba." Halafu aliuliza kama wazee wamepanga. Bado, mama alimwambia. Alimwambia hivyo kwa miaka sita.

Februari mwaka huu alianza kuugua ini. Alitibiwa Bweyale, kisha akapelekwa Gulu, ambako alifariki Jumatano tarehe 9 Agosti. Alikuwa amemwomba Nduta jambo moja, kwamba ampeleke kwa mama.

Habari zilipofika, wazee walituma ujumbe kwamba lango sasa liko wazi, kwa kuwa maiti haihitaji kutakaswa. Ujumbe huo uliniuma kama kifo chenyewe. Wako hapa, wamekaa viti vya mbele, na ninawaheshimu. Lakini ndugu yangu alipiga hodi akiwa na afya yake.

Jumatatu Mama Selpha alichukua jembe, akafukua kaburi la mgomba bila kumwuliza mtu. Nduta alimsaidia. Mzee mmoja alipomkemea, mama alimjibu, "Mtoto wangu hawezi kulala hapa na kitu kingine kimeshika jina lake. Ukitaka kunizuia, ingia kwa hili shimo."

Lennox ameacha mama yake, mjane wake Nduta, watoto wake Bridgit na Kevin, dada yake Marion, ndugu yake Marvin, na Mama Wamucii, aliyesafiri naye kutoka Uganda kama alivyosafiri naye kwenda. Mkimwona Mama Selpha ana macho makavu, msimsengenye. Machozi ya mtoto huyu aliyamaliza mwaka 2009.

Tunamzika karibu na baba yake. Mungu ampokee vizuri kuliko tulivyompokea sisi, na huko asingojeshwe langoni.