Wasifu wa Marehemu Severino Ayiko, Aliyetaka Makaburi Yachimbwe Bila Nguli

Marehemu Severino Ayiko, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, alizaliwa Adumi tarehe 3 Aprili 1957. Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe makubwa, hata mbuzi wa jirani akavunjika pembe zote mbili. Dada yake Candiru aliyaona kwa macho yake, na asiyesadiki na amuulize mbuzi. Kati ya Candiru na yeye walizaliwa watoto watatu, na wote watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mama yao alimpa huyu jina la Ayiko, yaani furaha, ili kifo kione haya kubisha hodi tena.

Alianza shule ya misheni mwaka 1965, akaishia darasa la sita. Masomo hayakumshinda. Alichukua blanketi la baba yake, akalikata, akashona kaptula mbili kwa sindano ya kushonea magunia. Baba alilala miguu nje msimu mzima wa mvua, na karo ya mwaka uliofuata ikanunua blanketi jingine.

Vita vya mwaka 1980 viliivusha familia mpaka wa nchi, hadi Ariwara, upande wa Congo. Huko marehemu alijifunza cherehani. Mwaka 1986 alihamia Koboko, akaweka cherehani barazani sokoni, akashona hapo karibu miaka thelathini. Suruali ya Fundi haikuchakaa. Mwenyewe akifa ilirithiwa, na mrithi naye akarithiwa.

Alimwoa Laetitia kanisani Ariwara tarehe 12 Mei 1984. Kabla ya hapo Laetitia alimpelekea gauni moja kupunguzwa kiuno, na kila akilivaa mshono unaachia, analirudisha kwa fundi. Kaka yake, Ambroise, ndiye aliyemfuata Fundi kwenye cherehani yake, akamwuliza, "Weye uko mutu ya kushona ao mutu ya kufumua?" Fundi akajibu, "Kaka, nikishona vizuri, atarudi lini?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Robert mwaka 1990 na Sandra mwaka 1993.

Hapa wasifu unageuka, na hauwezi kuliruka hili.

Desturi yetu mnaijua. Msiba ukitokea, wazee hukaa kwenye viti. Vijana hupewa majembe na jerikeni la nguli, ile pombe kali ya muhogo, ili wasiogope shimo. Robert alipewa jembe akiwa na miaka kumi na minne. Alikunywa ili asiogope shimo, halafu akaanza kuogopa hata pasipo shimo. Ini lilimmaliza Koboko tarehe 9 Agosti 2015, akaletwa kuzikwa hapa Adumi.

Fundi, kwa kufuata desturi, alituma jerikeni kwa wachimbaji. Aliposogea ukingoni, akaona mtoto wa miaka kumi na mitatu akifuta mdomo kwa mkono wenye udongo wa kaburi la Robert. Alilinyanyua jerikeni lake mwenyewe akalimwaga lote. Vijana wakatupa majembe, wakaondoka. Kaburi la mwanawe alilimalizia yeye, ndani ya suti yake nyeusi.

Hakurudi tena Koboko. Alikwenda kwa wazee wa ukoo, kanisani na msikitini, akisema neno moja tu: watoto wetu wanafundishwa kunywa makaburini, na walimu wao ni sisi. Mzee Onzima, binamu yake, alisimama mkutanoni akiwa amekasirika.

"Fundi, wewe naharibu msiba! Mutu akikufa, watu nakunywa. Tangu Adamu iko hivyo."

"Adamu nachimba kaburi ya Abeli na nguli ya nani?"

Watu walicheka, lakini hawakukubali. Aliyekubali alikuwa jirani, Mama Sharifah, ambaye wanawe wawili walikuwa wamekwisha kuanza. Yeye alipika chai na muhogo, Fundi akabeba, na popote penye msiba walisimama kando ya shimo wakiita vijana waje wale badala ya kunywa. Mara nyingi vijana waliondoka, na Fundi akachimba na shemeji yake Ambroise. Mikono ya cherehani haikuzoea jembe. Mwaka 2016, kwenye msiba wa bibi mmoja wa ukoo, alipima jeneza kwa utepe wake kama anayepima suruali, akachimba sawasawa kabisa, akasahau mishikio. Jeneza likakwama. Kijana aitwaye Lado akapiga kelele, "Mzee Fundi, achia mshono!" Hata padri aligeuka akakohoa.

Mwaka 2018 ukoo ulipitisha sheria kwamba mtoto asipewe nguli msibani. Sheria ilifuatwa pale tu Fundi aliposimama. Kwa hiyo alisimama, msiba baada ya msiba, karibu na jerikeni, wakati wengine wamekaa wanakula. Wana wa Mama Sharifah waliacha, wakamaliza shule. Lakini watu walichoka naye. Waliacha kumpelekea habari za misiba. Alikuwa anasikia kilio kwa mbali na kukifuata. Akifika, wenye msiba walificha jerikeni, wakaficha na kiti.

Laetitia alifariki Novemba 2020. Baada ya hapo Candiru, akipita njiani, alisikia cherehani ikilia nyumbani kwa kaka yake kutwa nzima. Siku moja aliingia. Hapakuwa na kitambaa, hapakuwa na uzi. Fundi alikuwa anakanyaga tu.

"Nashona nini, ndugu yangu?"

"Hapana kitu, dada. Nataka watu wajue hapa iko mutu."

Kisukari kilimwanza mwaka 2021. Mwezi Juni 2024 mguu wake wa kushoto ulikatwa hospitalini Arua. Akiwa kitandani alimwambia Candiru, "Wakichimba kaburi yangu na nguli, mimi natoka."

"Na mguu moja utafika wapi?"

"Nitafika Oli, hapa Arua. Nitapanga chumba huko."

Walicheka. Halafu alimshika mkono, akasema hatanii. Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, alfajiri, Candiru akiwa kisimani. Hakuna aliyekuwa naye.

Alhamisi vijana walikuja na majembe. Waliangalia huku na huku, wakaona birika la chai.

"Bibi," Lado akamwambia Candiru, "chai hapana chimba kaburi."

"Nguli imechimba nyingi. Wewe hujashiba?"

Waliondoka. Ambroise, mwenye miaka sabini, alibaki peke yake, na Ijumaa asubuhi shimo lilimfika magotini. Maziko yalikuwa yamepangwa saa nane siku hiyo. Ndiyo sababu karatasi hii imechapwa mara mbili, na ndiyo sababu tumemweka Fundi ndani siku moja zaidi.

Mchana wa Ijumaa, Mzee Onzima alivua koti. Akina baba wengine watano wakamfuata, watu ambao tangu utu uzima wao walichimba kwa mikono ya watoto wao. Hakuna aliyeimba. Shimo lilipomfika kifuani, Onzima alisimama, akaangalia kuta zilivyomzunguka.

"Kumbe iko hivi," akasema. "Na sisi tulikuwa natuma watoto."

Alipewa chai. Akaendelea.

Vijana wako ng'ambo ya barabara hata sasa, wanatazama. Hawajaja. Udongo wa kufukia bado uko hapa, na majembe yapo.

Marehemu ameacha dada yake, Candiru, binti yake, Sandra, wajukuu wawili, na shemeji yake, Ambroise.

Mungu ampokee Fundi wetu, na ardhi ya Adumi imlaze kwa utulivu.